Vumbi Mkononi mwa Kinoti

Nyinyi mnaopata hali ya hewa kwa kubonyeza simu, nipeni sikio kidogo, na mkichoka rudini kwenye simu zenu. Nimezoea kuachwa katikati ya maneno. Mjukuu wangu, ambaye juzi ameajiriwa kupima hali ya hewa kama nilivyokuwa mimi, ndiye aliyeniomba niandike haya. Alisema vijana wenzake kazini wangependa kujua tulivyokuwa tukifanya zamani. "Na uweke vichekesho, guka," akaniambia. Vichekesho vipo. Shida ni kwamba vingi vinaelekea pabaya, na mimi sijui namna ya kuvikata kabla havijafika huko.

Maisha yangu yote ya kazi nimelipwa kuangalia. Siakago nililipwa kuangalia mvua isiyonyesha: kila asubuhi nainama juu ya kipimo kikavu, nachungulia ndani kwa heshima zote, naandika sufuri. Gachoka nilikuwa na kipimajoto kinachovalishwa kitambaa chenye maji, na kitambaa hicho kiliibwa kila mara mpaka nikamnasa mwizi. Alikuwa mama jirani. Alikuwa amekifanya utambi wa taa. "Hiyo kitambaa ilikuwa inakunywa maji bure," akaniambia bila haya, "mimi nimeipatia kazi." Na Kiambere, kabla bwawa halijajengwa, nilimkuta mzee mmoja akinywea uji ndani ya chombo changu cha mvua. Alinilalamikia kwamba serikali inatengeneza vikombe visivyo na mkono.

Basi hivyo ndivyo vichekesho. Sasa niwaambie kitu cha kwanza nilichofundishwa kukiangalia sawasawa, nacho hakikuwa mvua. Kilikuwa nyota yenye mkia, na nilifundishwa kuiangalia ikiwa inaondoka.

Wakati huo ulikuwa wa Emajensi, ile hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya Wazungu ilipokuwa inapigana na watu wa msituni waliodai uhuru. Shuleni mmesoma mistari michache juu yake, mkapita. Sisi watu wa Embu na Meru tulikuwa tunatembea na pasi, kile kibali cha kupita njiani, kama mbwa anavyotembea na mnyororo. Watu walikuwa wamebomolewa nyumba zao na kusukumwa ndani ya vijiji vilivyozungushiwa handaki na miti iliyochongwa ncha. Jua likizama, mtu akionekana nje bila ruhusa alipigwa risasi kwanza, maswali baadaye. Mimi, kijana wa Kimbeere niliyejua kusoma, nilikuwa nimepata kazi katika kituo cha kilimo juu ya mji wa Embu. Tulikuwa na ruhusa ya kuwa ndani ya ua wa kituo jioni kwa ajili ya vipimo. Kutoka nje ya ua, hapana.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Kinoti, Mmeru wa Imenti, mtu mrefu aliyetembea ameinamisha kichwa kana kwamba kila mlango duniani ulijengwa na watu wafupi. Alikuwa mkali kwa neno moja tu, nalo ni "karibu". Ukimwambia joto ni karibu hivi, alikurudisha ukasome upya. Aliishi na mke wake Karimi katika nyumba ya wafanyakazi nyuma ya ghala la mbegu. Mungu hakuwa amewapa mtoto. Karimi alikuwa ameokoka, tena wa kuokoka kwelikweli: wanawake wa pale walipoitwa kula kiapo cha watu wa msituni, alikataa mbele yao wote, wakampiga, naye akaenda kanisani Jumapili na uso umevimba. Mimi nilimwita mama, maana alinilisha kuliko mama yangu alivyoweza wakati ule.

Kinoti alikuwa na namna yake ya kufanya kazi na sikupata kuona mwingine aliyeifuata kwa ukali kama huo. Mmoja anasoma kipimo kwa sauti, mwingine anarudia neno kwa neno, halafu ndipo linaandikwa. Anasema "mkia, ngumi moja na vidole viwili", narudia "mkia, ngumi moja na vidole viwili". Nikikosea, tunaanza upya. Alisema jambo likishapita kwenye midomo miwili haliwezi kupotea njiani. Nilirudia maneno ya Kinoti mpaka usingizini, Karimi akanicheka akisema nimekuwa kama mtoto wa darasa la kwanza.

Mzungu mkubwa wa kituo ndiye aliyependa nyota. Alimfundisha Kinoti, na alipokuwa anaondoka kwenda likizo kwao alimwagiza aiangalie ile nyotamkia kila jioni mpaka ifike mahali isionekane. Alitaka hasa kujua vumbi lake linavyopungua. Wakati inakuja, alisema, kila mtu ataitazama. Ikianza kuondoka watu huchoka, na hapo ndipo habari hukosekana. Akapanda gari, akaenda zake.

"Usiogope hii kitu," Kinoti aliniambia jioni ya kwanza. "Iko tu barafu chafu. Barafu na vumbi, imeshikana. Ikifika karibu na jua inachemka, inatupa ile vumbi yake. Ikienda mbali inapoa, vumbi inaanza kupungua. Sisi tunataka kujua inapungua namna gani. Pole pole, ama mara moja, ama inatudanganya."

Nikamwuliza mbona ina mikia miwili. Akafurahi, maana wengine wote walimwuliza kama inaleta njaa au vita. Mkia mwembamba ulionyooka, wa rangi ya samawati hafifu, alisema, huo ni hewa. Ule mpana uliopinda, wenye umanjano, huo ndio vumbi lenyewe. Akainama, akachota vumbi la njia, akatembea hatua kadhaa akiliachia kidogo kidogo kati ya vidole. Chembe nzito zilianguka pale pale alipopita. Nyepesi zilisukumwa na upepo zikaenda pembeni, na nyuma yake ukabaki mstari uliopinda hewani kwa muda mfupi kabla haujatawanyika. "Umeona? Jua inasukuma vumbi kama huu upepo. Ile nzito inabaki kwa njia. Ile nyepesi inaenda mbali. Ndio sababu mkia inapinda." Nimesoma vitabu vingi baada ya hapo, na sijaona mahali palipoelezwa vizuri zaidi.

Pia alinionyesha kwamba nyotamkia ikiondoka hutanguliza mkia, kwa kuwa jua linauelekeza mbali nalo sikuzote. Inaenda kinyumenyume, kama mtu anayetoka mbele ya mkwe.

Sasa mbinu, kwa nyinyi mtakaowahi kuiona moja. Msitoke kwenye taa mkaanza kutazama. Jicho linahitaji kukaa gizani kidogo kwanza. Msiitazame moja kwa moja. Tazameni pembeni yake kidogo, na mkia utajitokeza wenyewe. Kujua mwangaza wake, vueni miwani au vurugeni darubini ya mkono mpaka nyota za jirani zionekane kama madoa, halafu mfananishe doa na doa. Na urefu wa mkia mpime kwa ngumi, mkono umenyooshwa kabisa mbele ya uso. Ngumi ni nyuzi kumi hivi, kidole kidogo ni moja. Kinoti alikuwa amegundua kwamba ngumi tupu hubadilika: ukisikia baridi unaikaza, ukichoka unailegeza. Kwa hiyo kila jioni alichota vumbi, akaangalia upepo kwa kulimwaga kidogo, na lililobaki akalifumbata ndani ya ngumi. Ngumi yenye kitu ndani, alisema, haipungui wala haizidi.

Nilikosea mara nyingi. Jioni moja nilipiga kelele kwamba mkia umerefuka maradufu, Kinoti akaacha uji wake akakimbia nje. Zilikuwa taa za lori la askari likipanda kilima kwa upande wa pili, mwanga wake umesimama ndani ya vumbi la barabara. Hakunigombeza. Aliniuliza tu kama lori hilo nalo linazunguka jua. Jioni nyingine nilimwambia nyota imezima ghafla, akaniagiza nitazame nyota nyingine zilizokuwa kimo kile kile. Zote zilikuwa zimefifia. Ulikuwa moshi. Watu waliofungiwa kijijini walikuwa wanapika wote saa moja, kabla ya marufuku ya kutoka nje, na moshi wao ulilala magharibi kama blanketi. Nikajifunza kutoa kwanza ya hapa chini kabla sijaandika ya huko juu. Ni kosa ambalo mtu wa mahali pengine asingelifanya, kwa kuwa mahali pengine watu hawakuwa wanaamriwa wote wawashe moto kwa wakati mmoja.

Kuna kosa lingine, nalo halikuwa letu.

Jioni ile anga ilikuwa safi na nyota imesimama kando ya bega la Mlima Kenya. Kinoti alikuwa uwanjani karibu na ua. Mimi nilikuwa ndani ya kibanda cha vipimo, dirisha liko wazi, taa nimeifunika ili isimharibie macho. Alisema "ngumi moja", nikarudia "ngumi moja". Alisema "vumbi limepinda upande wa kulia", nikarudia. Halafu nikasikia viatu, na sauti ya mtu ikimwamuru asishushe mkono.

Walikuwa homugadi wa doria, wale wenzetu waliopewa bunduki na serikali watulinde dhidi ya wenzetu wengine. Sasa fikirini walichokiona. Kiapo kililiwa kwa namna nyingi, lakini picha iliyokuwa kichwani mwa kila homugadi ilikuwa hiyo hiyo: mtu amegeukia Mlima, mkono ameuinua, udongo uko ndani ya ngumi, na mwingine gizani anarudia maneno yake. Hata mimi, kama ningekuwa nje ya ua ule, ningeamini.

"Mkono iko na nini?" homugadi aliuliza.

"Vumbi," Kinoti akajibu.

"Fungua." Akafungua. "Hii ni muthetu. Ni mchanga ya kiapo."

"Si muthetu. Ni vumbi. Vumbi ya njia, ya kupima upepo."

"Vumbi na mchanga iko tofauti gani?"

Mtu yeyote mwingine angenyamaza. Kinoti, aliyechukia neno "karibu", alianza kueleza. Alieleza kwamba udongo una unyevu na unashikana, na vumbi ni lile jepesi ambalo upepo unaweza kuliinua, na kwamba kwa kazi yake tofauti hiyo ni kubwa sana. Alikuwa bado anaeleza walipompiga na kitako cha bunduki.

Nilitoka mbio kibandani nikisema ni mimi, ni mimi niliyekuwa narudia, tulikuwa tunapima nyota. Askari wawili walikuwa wamekimbilia upande wa ghala kuitafuta sauti ya pili, na aliyebaki, mkubwa wa doria, alikuwa Njiru, mjomba wangu, kaka ya mama yangu wa kunizaa. Alinizaba kofi ambalo mpaka leo sikio hili la kushoto linapiga filimbi. "We, hukuwa hapa," aliniambia kwa sauti ya chini. "Umesikia? Ulikuwa umelala." Kinoti, akiwa chini, alisema, "Nilikuwa peke yangu. Mimi nazoea kujirudia." Wakamchukua.

Asubuhi nilikwenda kwa mjomba nikiwa nimekusudia kwenda kwa Bwana DO, afisa wa wilaya, kueleza yote. Mjomba alikuwa ananyoa ndevu mbele ya kioo kidogo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akapangusa wembe.

"Enda," akasema. "Enda uwaambie ulikuwa unarudia. Kinoti akiwa peke yake, ni mtu amekula kiapo. Atafungwa. Mkiwa wawili, yeye ndiye mlishaji wa kiapo. Mlishaji ananyongwa. Sasa chagua."

"Lakini tulikuwa tunapima nyota, mama," nikamwambia. Kwetu mjomba ni mama pia.

"Mimi najua. Nimekuona ukiwa mtoto unahesabu mawingu. Lakini askari wangu wawili wamesikia sauti ya pili, na wameshasema. Hiyo sauti ikipata jina, kamba inapata shingo."

Hapo ndipo ukweli wangu ulipogeuka kuwa kitu cha kumwua mtu. Nilirudi kituoni. Nilikuwa na hasira na mjomba, na Mzungu, na ile nyota, na Kinoti mwenyewe kwa kushindwa kunyamaza juu ya vumbi. Mzungu aliporudi likizo nilimweleza. Alisikitika, namshukuru kwa hilo, akaenda kuzungumza na wenzake. Walimwuliza kama alikuwepo jioni ile. Hakuwepo. Aliniambia amefanya alichoweza, akaagiza chai.

Kinoti alikuwa amewekwa kizuizini, na kule sheria ilikuwa moja: hutoki mpaka utapike. Kutapika ni kukiri kiapo chako chote, ulikila wapi, nani alikulisha, nani alikuwa nawe. Aliyekula kweli alikuwa na kitu cha kutapika. Kinoti tumbo lake lilikuwa tupu.

Niliendelea kuiangalia nyota. Sijui kwa nini. Labda niliona kwamba nikiacha, basi alichukuliwa kwa sababu ya kitu ambacho hata mimi sikukijali. Sikuthubutu tena kuinua ngumi. Nilikaa ndani ya kibanda, nikaweka kidevu juu ya kizingiti cha dirisha, nikapima mkia kwa nguzo za ua: kutoka nguzo hii mpaka ile. Niliyasoma maneno kwa sauti na nikajirudia mwenyewe kwa kunong'ona, midomo miwili ya mtu mmoja.

Mkia wa hewa ulikwisha kwanza. Mkia wa vumbi ukabaki, kila wiki mfupi zaidi na mpana zaidi, mpaka ukafanana na brashi ya chokaa iliyochakaa. Rangi ya manjano ilitoka. Jioni moja ikawaka tena, kichwa kikawa kikubwa na chenye ukungu, nikatazama nyota za jirani, nikatazama moshi, nikatafuta lori: hakuna. Ilikuwa yenyewe. Ilikuwa imepasuka mahali na kutupa vumbi jipya, jambo ambalo Kinoti alilisubiri tangu mwanzo na kuliita kudanganya. Niligeuka kumwita. Niliita jina lake kabisa, kwa sauti, ndani ya kibanda kile. Halafu nikakaa chini nikalia, na sioni aibu kuwaambia. Baada ya hapo ilififia bila kusimama, na sikujua hata ni jioni gani iliyokuwa ya mwisho, maana kwa siku kadhaa nilikuwa naiona pale kwa kuwa nilijua ipo.

Karimi alikuwa ametolewa nyumba ya kituo mara tu mume wake alipochukuliwa. Aliwekwa kijijini, katika kibanda kimoja na wajane wawili. Nilipopata nafasi nilimpelekea unga. Aliniuliza kila mara kama nyota ya Kinoti bado ipo, nikamwambia ipo, hata ilipokuwa imekwisha. Maji ya kijijini yalikuwa mabaya, homa ya matumbo ikaingia, ikawa inachukua watu kila nyumba. Ilimchukua Karimi. Akina mama wa kanisa ndio waliomwosha na kumzika, wakaimba nyimbo zake zote, na homugadi waliruhusu kuimba mpaka jua lilipokaribia kuzama.

Kazi ilinipeleka kule tambarare, ambako waliofungwa walikuwa wanachimba mifereji ya mpunga. Palikuwa na kipimo cha mvua pale na mimi ndiye niliyetumwa kukisoma. Siku hiyo mchana nilimwona Kinoti katika mstari wa wachimbaji, si mbali na kipimo changu. Alikuwa amekonda, na ile tabia yake ya kuinamisha kichwa sasa ilikuwa ya mstari mzima. Askari alikuwa amesimama kati yetu. Sikuweza kumsalimu. Nilifungua kipimo, nikachungulia, na nikasoma kwa sauti, kwa Kimeru alichonifundisha yeye, kama mtu anayesoma kipimo: "Karimi ametangulia. Homa. Amezikwa vizuri."

Nilingoja. Jembe lake halikusimama. Nikadhani hakusikia, nikataka kusema tena, lakini askari aligeuka kunitazama, nikafunga kipimo changu nikaondoka. Njia nzima nilijiambia nimefanya wema, kwamba mtu ana haki ya kujua amefiwa.

Haukupita muda mrefu, Kinoti akaachiliwa. Alikuja kituoni akiwa hana meno ya mbele, nywele zimekuwa nyeupe. Nilimpa chai, akaishika kwa mikono yote miwili. Kwa kuwa sikujua la kusema, nilimsomea nyotamkia yake: mkia wa hewa, mkia wa vumbi, jioni ile ilipowaka tena. Alisikiliza kwa adabu kama mgeni anayeonyeshwa picha za watu asiowajua. Nilipomaliza nikamwuliza ametokaje.

"Nimetapika," akasema.

"Umetapika nini, na hukula kitu?"

"Walikuwa wanataka ile sauti ya pili. Kila siku, sauti ya pili, sauti ya pili. Nikisema ni wewe, tumekwisha wote wawili. Nikisema hakuna, nachapwa. Nikitaja mtu wa msituni amekufa, wanauliza, wanapata hajawahi kukanyaga hapa. Nilikuwa nakosa jina, Ireri. Ilitakiwa mtu wa karibu na mimi, mtu alikuwa anaishi hapa kituo, na hawawezi kumshika." Akanywa chai kidogo. "Ile siku ulisoma kipimo, nikapata."

Nilielewa kabla hajamaliza, na nilitamani asimalize.

"Nilisema ndiye alinilisha. Nilisema yeye ndiye mkubwa wa kiapo huku yote. Wakaniuliza mbona askari walisikia sauti ya mwanaume. Nikasema alikuwa na mafua."

Akacheka. Nami, Mungu anisamehe, nikacheka pia, tukacheka wote wawili mpaka chai ikamwagika, nikainama kuipangusa.

Habari ilikuwa imekwisha fika kijijini, kwa sababu maungamo yalisomwa kwa kipaza sauti ili wengine waige. Wiki ile ile akina mama watatu wa kanisa, kati ya wale waliomzika Karimi, walikuja kumwona Kinoti. Nilikuwepo. Waliketi kwenye benchi, wakapewa chai, na mkubwa wao akauliza taratibu kama ni kweli. Alisema wao wanamjua Karimi. Walimwona akipigwa kwa kukataa. Alikuwa anamwomba Kinoti amwambie si kweli.

Kinoti angekanusha, angerudishwa kule siku hiyo hiyo, na ile sauti ingetafutiwa jina tena. Alinitazama mara moja, akamtazama mama yule.

"Ni kweli," akasema.

Waliweka vikombe chini bila kumaliza. Kanisani jina lake halikutajwa tena, na msalaba wa mbao waliokuwa wameusimika juu ya kaburi waliung'oa wenyewe. Kinoti alinitaka niahidi kwamba maadamu yeye yu hai sitasema lolote, kwa kuwa hakuweza kuvumilia watu wajue ni uhai wa nani alioulipia kwa jina la mke wake. Niliahidi. Aliishi miaka mingi mno kwa mtu asiyetaka kuishi. Hakushika tena kipimo, na jioni alifunga dirisha kabla nyota hazijatoka.

Uhuru ulipokuja mambo yaligeuka, kiapo kikawa cha kujivunia. Vijana wa siasa wakaja wakiuliza kaburi la mama shujaa aliyelisha watu kiapo chini ya pua ya Mzungu, wakapaka mawe chokaa, wakapiga hotuba. Wazee wa kanisa waliangalia kando. Wote, waliomfuta na waliomsifu, walikuwa wanazungumza juu ya mwanamke ambaye hakupata kuwepo.

Tulipomzika Kinoti nilikuwa huru kusema. Nilikwenda kumtafuta yule mama aliyeuliza swali, nikaambiwa amefariki, na mwenziwe pia, na yule wa tatu alikuwa amepotewa na akili, akanidhania ni mwanawe. Nilimweleza hata hivyo, nikiwa nimepiga magoti kando ya kitanda chake. Aliniuliza kama mbuzi wamefungwa.

Kwa hiyo nawaambia nyinyi, vijana, kwa kuwa ndio mliobaki. Karimi hakula kiapo, wala hakumlisha mtu. Nimelisema, na hapa duniani hakuna tena hata mmoja aliyemjua ambaye anaweza kunisikia.